Udhuru wa Mkimbiaji

Katika Kiswahili mna maneno mawili ambayo wanafunzi wanaoanza kujifunza lugha huyachanganya mara kwa mara, nayo ni udhuru na kisingizio. Mwenye udhuru ni mtu aliyetaka kutenda jambo, akajiandaa kulitenda, kisha akazuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Mwenye kisingizio ni mtu aliyekwisha kuamua moyoni kwamba hatendi, ndipo akaanza kutafuta la kusema. Ubaoni tofauti hiyo hutuchukua dakika kumi. Katika maisha huwachukua watu miaka, na siku hizi imeandikiwa mikataba na kutozwa pesa. Mkataba mmoja wa namna hiyo ndio tunaotaka kuuzungumzia hapa: bima ya kiingilio cha mbio, yaani ahadi ya kumrudishia mkimbiaji ada aliyolipa iwapo atapatwa na udhuru asiweze kushindana.

Pengine msomaji atauliza: mwalimu wa lugha na bima ya mbio, wapi na wapi? Swali ni la haki, na jibu lake liko Juba, tunakofundisha. Tangu Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, watu wazima wenye haja ya Kiswahili wamekuwa wakitujia jioni baada ya kazi. Wengine walikisikia mara ya kwanza utotoni, katika kambi ya Kakuma nchini Kenya; wengine walikiokota kwa madereva wa malori mpakani Nimule, au kwa wafanyabiashara wa soko la Konyokonyo. Aghalabu hawatujii kutafuta ufasaha wa washairi. Hutujia kwa sababu wana barua ya kuandika, fomu ya kujaza, au mkataba wa kutia sahihi. Kwa hiyo darasa letu husoma karatasi za namna hiyo, na katika msimu mmoja wa mvua ililetwa mbele yetu karatasi ya mbio.

Yafaa tuseme kwanza kwamba Juba ni mji wa wakimbiaji kuliko wageni wanavyodhani. Alfajiri, kabla joto halijapanda, utawaona vijana wakipita njia za vumbi za Gudele na Munuki, na wengine wakielekea upande wa magharibi uliko mlima wa Jebel Kujur. Saa yao ni jua, na wengi wana jozi moja tu ya viatu. Lakini habari za mbio za nchi jirani wanazo zote: za Moshi chini ya Kilimanjaro, za Nairobi, za Kampala, za Kigali. Kila mmoja ana mbio moja anayoiota.

Mwanafunzi wetu mmoja, ambaye naye ni mwalimu wa shule ya msingi, alijiandikisha katika mbio za kilomita 21 katika nchi mojawapo ya jumuiya yetu. Ada yake ilizidi mshahara wake wa mwezi. Alilipiwa kwa simu na ndugu yake anayeishi huko, kisha akawa anamrudishia ndugu huyo kidogo kidogo. Alifanya mazoezi kwa muda wa miezi minne. Siku kumi na sita kabla ya mbio akashikwa na malaria, na malaria ya Juba wakati wa mvua haina adabu. Siku ya sita akarudi darasani amekonda, macho yameingia ndani, na mganga amekwisha kumwambia kwamba asikimbie kwa wiki tatu. Kipindi kilipokwisha alitukabidhi karatasi ya kanuni za mbio.

“Ustaz,” alisema, kwa maana hadi leo hutuita kwa neno la Kiarabu cha Juba, “nisomee hapa. Je, pesa yangu imekufa?”

Mahali alipotuonyesha paliandikwa kwamba ada ya kiingilio ikishalipwa haitarudishwa kwa sababu yoyote ile. Wenzake waliposikia hayo walikasirika. Mama mmoja, ambaye huuza chai mjini na kutumia Kiswahili na madereva, alisema kwamba mtu mgonjwa hadaiwi. Mwingine akajibu kwamba waandalizi nao wamekwisha kununua maji, fulana na nishani, wamekwisha kuwalipa walinzi na magari ya wagonjwa, na hesabu hiyo yote wameifanya kwa idadi ya waliojiandikisha. Wote wawili walikuwa na haki. Hapo ndipo tulipoona kwamba tumepata somo ambalo halimo katika kitabu chochote tulicho nacho, tukaazimia kulisoma jambo hili kwa wiki mbili, kuanzia na maneno yake.

Bima ni neno ambalo limetufikia kutoka pande za Uhindi na Uajemi, ambako mpaka leo watu husema bima kama tusemavyo sisi. Waarabu hawakulichukua neno hilo. Wao husema taamin, nalo latokana na mzizi ule ule uliotuzalia amani, imani, amini na amana. Wanafunzi wetu, ambao karibu wote wanajua Kiarabu, walifurahi sana kwa ugunduzi huo, maana waliona kwamba kukata bima ni kununua amani, na kwamba mwenye kuuza amani amekabidhiwa amana. Hali kadhalika mkataba ni ndugu wa kitabu, katibu na maktaba. Ni jambo lililoandikwa, wala si jambo lililosemwa tu. Ada kwa asili yake ni desturi, kisha ikawa malipo yaliyozoeleka. Fidia kwa asili ni kikomboleo, kitu kinachotolewa mahali pa kitu kingine. Udhuru nao umetoka huko huko kwa Waarabu, na ndio uliotushughulisha zaidi kuliko yote.

Hatukuwa na karatasi ya bima ya mbio mkononi, kwani mkimbiaji wetu hakuuziwa bima yoyote. Mbio zile hazikuwa nayo. Ila tulikuwa na mwanafunzi wa zamani, dada mmoja anayeishi siku hizi Marekani, ambako jambo hilo ni la kawaida. Tukamwandikia. Naye alitujibu kwa Kiswahili safi kilichotupa moyo, akaeleza jinsi alivyoitumia bima hiyo yeye mwenyewe.

Alipojiandikisha, alisema, mwisho wa fomu palikuwa na kisanduku cha kutia alama. Akitia alama huongeza kiasi kidogo juu ya ada, na kiasi hicho ndicho bei ya bima. Asipotia wakati huo huo, aghalabu nafasi hupita, maana mwenye bima hataki mtu aje kukata bima siku anapoanza kuchechemea. Yeye alitia alama. Wiki tano kabla ya mbio aliteleza katika barafu akavunjika mfupa wa kifundo cha mguu. Siku ile ile, akiwa bado hospitalini, alimwomba daktari barua yenye mambo matatu: tarehe ya kuumia, aina ya jeraha, na maneno ya wazi kwamba hataweza kukimbia siku fulani ya mbio. Kisha akaitafuta stakabadhi ya ada. Akajaza fomu ya madai, akaambatisha karatasi hizo mbili, akangoja. Baada ya wiki tatu ada ilirudi. Bei ya bima yenyewe haikurudi, wala nauli ya ndege haikurudi, kwa sababu hakuikatia bima.

Tulipomwomba atutajie nyudhuru zinazokubaliwa, alitusomea mkataba wake. Unakubali ugonjwa na jeraha, daktari akishuhudia. Unakubali msiba wa jamaa wa karibu. Unakubali kuachishwa kazi bila kosa, kuitwa jeshini, kuitwa mahakamani, na ajali ya gari njiani kuelekea mbio. Haukubali mtu kubadili nia. Haukubali mtu kusema kwamba mazoezi hayakutosha. Haukubali maradhi aliyokuwa nayo na kuyajua kabla ya kukata bima. Mikataba haifanani, na yampasa kila mtu asome wake. Lakini sura ya jumla ndiyo hiyo. Darasa lilisikiliza orodha ile kwa makini, kisha yule mama wa chai akasema, “Kumbe wao pia wanajua udhuru na kisingizio.” Waama, walikuwa wanajua. Tofauti ni kwamba wao hawaulizi moyo wa mtu, wanauliza karatasi.

Hapo pana fundisho la kwanza, nalo laumiza kidogo. Kwa desturi zetu, udhuru huaminiwa kwa kumtazama aliyenao. Mwanafunzi wetu alipoingia darasani, hakuna aliyemdai cheti. Mwili wake ulikuwa cheti. Lakini bima hutoka kwa watu wasiotuona. Mkimbiaji yule alitibiwa katika kijiduka cha dawa mtaani, akapewa vidonge ndani ya bahasha isiyo na jina wala tarehe. Hata kama angekuwa na bima, asingekuwa na kitu cha kuonyesha. Udhuru wake ulikuwa wa kweli kama ule wa dada aliyeko Marekani, ila ulikosa maandishi. Ndiyo maana tunashikilia kwamba kumfundisha mtu mzima kuomba barua ya daktari, na kuhakikisha kwamba ina tarehe, si kazi ndogo ya lugha.

Fundisho la pili ni uzito wa neno moja katika orodha. Tuchukue mfano wa mwaka 2020, ambao wengi wetu tunaukumbuka. Mwezi Februari mwaka huo waandalizi wa marathoni ya Tokyo walitangaza kwamba mbio za tarehe 1 Machi zitakuwa za wakimbiaji mahiri peke yao, kwa sababu ya virusi vya korona. Wakimbiaji wa kawaida wapatao 38,000 wakazuiwa. Ada zao hazikurudishwa, kwani kanuni zilitaja sababu za kurudisha ada, kama vile tetemeko la ardhi, lakini maradhi ya kuambukiza hayakuwamo. Mwaka huo huo mashindano ya tenisi ya Wimbledon nchini Uingereza nayo yalifutwa. Lakini waandalizi wake walikuwa na bima iliyoyataja maradhi ya kuambukiza. Wakalipwa, na mwezi Julai wakatangaza kuwagawia pauni milioni 10 wachezaji 620 ambao wangeshiriki. Janga lilikuwa moja. Waliotofautiana ni watu waliokaa mezani miaka kadhaa kabla yake wakaandika orodha, hawa wakatia neno ambalo wale hawakulitia.

Hata pale ambapo kanuni ni ngumu, waandalizi wanaweza kulainika. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kiliupiga mji wa New York mwishoni mwa Oktoba, na marathoni ya tarehe 4 Novemba ikafutwa siku mbili kabla, wakati maelfu ya wageni wamekwisha kuwasili. Desturi ya mbio zile ilikuwa kutorudisha ada. Mwezi uliofuata waandalizi waliwapa wakimbiaji uchaguzi wa mambo matatu: kurudishiwa ada, kupata nafasi katika marathoni ya mojawapo ya miaka mitatu iliyofuata kwa kulipa ada ya mwaka huo, au kupata nafasi katika nusu marathoni ya mwaka 2013. Na mwaka 2022 waandalizi wa marathoni ya London walitangaza kwamba mwanamke aliyezuiwa na ujauzito au uzazi aweza kuiahirisha nafasi yake asiipoteze. Mambo haya hayakuwa bima kwa jina, ila yalifanya kazi ya bima. Ni njia ya mwandalizi kusema kwamba ameukubali udhuru.

Sasa turudi Juba, maana huku kwetu orodha ya nyudhuru ina kasoro kubwa. Mikataba mingi ya bima, ya aina nyingi, huweka kando vita na ghasia. Hasara iliyoletwa na mambo hayo hailipwi. Kwa mtu anayeishi mahali palipotulia, kifungu hicho ni maneno ya kupita tu. Kwa mtu wa Juba ndicho kifungu chenyewe. Mji huu ulipigana Desemba 2013, ukapigana tena Julai 2016. Barabara ya Juba kwenda Nimule, yenye kilomita 192 na ambayo ndiyo njia yetu ya basi kuelekea nchi jirani, imewahi kumwagwa damu ya wasafiri. Mkimbiaji wa Juba akishindwa kufika kwenye mstari wa kuanzia, huenda sababu yake ni hiyo hasa ambayo bima imekataa kuisikia.

Tena kuna vizuizi ambavyo hakuna mwandishi wa mikataba angevifikiri. Mkimbiaji Guor Marial, mzaliwa wa nchi hii aliyepata hifadhi ya ukimbizi Marekani, alitimiza muda wa kufuzu marathoni ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012. Mwili wake ulikuwa mzima na mazoezi yake yalikuwa kamili. Kilichomzuia ni kwamba Sudan Kusini ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na haikuwa bado na kamati ya taifa ya Olimpiki, naye hakukubali kuikimbilia Sudan ambayo vita vyake vilimnyang'anya ndugu wengi. Hatimaye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimruhusu akimbie chini ya bendera ya Olimpiki. Alimaliza wa 47 kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 32. Kamati ya nchi yetu ilitambuliwa mwaka 2015, na mwaka 2016 huko Rio de Janeiro mkimbiaji huyo aliivaa bendera yake mwenyewe. Je, udhuru wa kukosa kamati ungeandikwa katika kifungu cha ngapi?

Darasa lilipofika hapa lilianza kukata tamaa, likasema kwamba bima ni ya wenyewe huko. Tukaona vema kuwakumbusha habari nyingine, ambayo Juba inaijua vizuri. Mwezi Novemba 2019 wanariadha wa Sudan Kusini na mwalimu wao walipelekwa mji wa Maebashi nchini Japani ili wajiandae kwa michezo ya Tokyo ya mwaka 2020. Mwezi Machi 2020 michezo ile ikaahirishwa kwa mwaka mzima. Wanariadha wale walikuwa mbali na kwao, hawana mashindano, na hapakuwa na bima ya kuwalisha. Mji wa Maebashi haukuwarudisha. Uliendelea kuwatunza, na raia wa Japani wakachanga fedha kwa ajili yao, wengi wakiwa watu ambao hawakuwahi kuwaona wala kuifikia nchi yetu. Wakakaa, wakafanya mazoezi, hata michezo ilipofanyika mwaka 2021. Mmoja wao, Lucia Moris, aliumia akaanguka katikati ya mbio za mita 200, akatolewa uwanjani kwa machela. Miezi yote ile ya kungoja iliishia njiani kabla ya kufika mwisho wa mstari, na hakuna mkataba ambao ungemrudishia mbio zile.

Hakuna aliyezungumza kwa muda. Kisha mkimbiaji wetu akauliza kama mchango wa Maebashi na bima ni kitu kimoja. Tulimjibu kwamba mzizi wao ni mmoja. Bima, ukiivua nguo zake za ofisini, ni watu wengi wanaotoa kidogo kidogo ili atakayeanguka miongoni mwao apate pa kushika. Tofauti ni kwamba katika bima hutoa kabla ya kuanguka na hawajuani, ilhali katika mchango hutoa baada ya kuanguka na mara nyingi hujuana. Bima ina hesabu na haina huruma. Mchango una huruma na hauna hesabu. Bima haiwezi kukunyima kwa kuwa haikupendi, na mchango hauwezi kukunyima kwa kuwa huna cheti. Mtu mwenye akili huvitaka vyote viwili.

Katika mjadala huo kulizuka suala la methali. Mmoja alitaja methali isemayo kwamba ajali haina kinga, akasema basi bima ni udanganyifu, kwa kuwa inajiita kinga. Tulimwonyesha kwamba bima haimkingi mtu na ajali yenyewe. Malaria itakuja na barafu itateleza. Inachofanya ni kuzuia hasara moja isizae nyingine. Mwingine akaleta methali ya pili: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Alidhani neno ni lile lile. Tukapata nafasi ya kueleza kwamba kinga ya methali hii ni kijinga cha moto, kipande cha ukuni kinachowaka, ambacho peke yake huzimika na kikiwekwa pamoja na mwenzake huwaka. Ni maneno mawili yenye sauti moja na maana mbalimbali. Ila jioni ile yalikutana.

Maana wakati huo huo tulikuwa tumerudi kwenye karatasi ya mkimbiaji wetu, tukaisoma tena neno kwa neno. Kanuni ilisema kwamba ada haitarudishwa. Haikusema kwamba nafasi haitahamishwa. Kurudisha ni kitenzi kimoja na kuhamisha ni kingine, na mtu aliyetia sahihi hafungwi na kitenzi ambacho hakikuandikwa. Darasa zima likatunga barua kwa waandalizi, kwa Kiswahili, yenye aya tatu fupi. Ya kwanza ilieleza ugonjwa na tarehe yake, ikiambatana na barua ambayo safari hii aliiomba katika kituo cha afya. Ya pili ilikiri kwamba kanuni hairuhusu kurudishiwa ada, na kwamba mwandishi haombi hivyo. Ya tatu iliomba jina la mwenzake, mkimbiaji wa Juba pia, liandikwe mahali pa jina lake. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: wamekubali, mradi mabadiliko yafanywe kabla ya Ijumaa.

Hatukutaka mwenzake aende kimya kimya na namba ya mtu mwingine, kama wafanyavyo baadhi ya wakimbiaji, na ni vema wasomaji waijue sababu. Namba ya kifuani hubeba jina, umri na mara nyingi habari za afya za mwenyewe. Mkimbiaji akizirai barabarani, waganga humtibu kwa habari za namba ile. Kubadilishana namba kwa siri kwaweza kuua mtu, na mbio nyingi humfungia afanyaye hivyo. Kubadili jina kwa ruhusa ni jambo jingine kabisa.

Mwenzake alikwenda kwa basi kupitia Nimule, kwa tikiti ambayo mgonjwa alikwisha kuinunua, na nauli ya kurudi ikachangwa darasani. Alimaliza mbio. Aliporudi tulimwuliza yule mwenye ugonjwa aeleze jambo lililompata kwa sentensi moja ya Kiswahili, kama zoezi. Alifikiri kidogo akasema, “Pesa yangu haikurudi, lakini haikupotea.” Tuliiandika ubaoni sentensi hiyo, maana hatujapata kusikia tofauti ya kurudi na kupotea ikielezwa vizuri zaidi. Hata hivyo hatuwezi kuificha huzuni iliyokuwa ndani yake. Yeye hakukimbia. Miezi minne ya alfajiri ilikuwa yake, na siku yenyewe ikawa ya mwingine. Ada yaweza kurudishwa na nafasi yaweza kuhamishwa. Siku hairudi wala haihamishwi. Bima iliyo bora kuliko zote huishia mlangoni pa jambo hilo.

Kutokana na hayo twapenda kuwashauri wenzetu wanaofundisha watu wazima mambo machache. Mwanafunzi anapotaka kujiandikisha katika mbio, au katika mtihani, au katika safari, asome kwanza kifungu cha ada kabla ya kulipa. Aulize maswali manne: ada hurudi au hairudi, kama hairudi, nafasi huahirishwa au huhamishwa, kama kuna bima, inataja nyudhuru zipi na inakataa zipi, na madai hupelekwa ndani ya siku ngapi. Aweke stakabadhi. Akipatwa na ugonjwa, aombe barua yenye tarehe siku ile ile, si baada ya mbio. Kama ada ni ndogo na hasara yake yavumilika, huenda bima haina haja. Kama ada ni jasho la miezi, bei ya bima si kitu. Na waandalizi wa mbio katika nchi zetu, ambao wengi wao hatuna shaka na nia yao njema, tungewaomba waongeze mstari mmoja katika kanuni zao, wa kumruhusu mgonjwa aahirishe nafasi au ampe mwenzake kwa ruhusa. Mstari huo hauwagharimu kitu, kwa maana maji na fulana vitatumika vile vile.

Nasi walimu tuna mstari wetu wa kuongeza. Vitabu vyetu vimejaa barua za kuomba kazi na za kumpongeza rafiki. Ni vema viwe pia na barua ya kueleza udhuru: fupi, yenye tarehe, isiyolia wala isiyotukana, inayojua kanuni inasema nini na haisemi nini. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Huku Juba mvua zimekwisha, barabara zimekauka, na mkimbiaji wetu ameanza tena mazoezi. Safari hii fomu ameisoma mwenyewe.